Gereji ya Wasomaji: Injini Nyingine Kwenye Lori Kuukuu la Dizeli

Barua nyingi tulizopokea zinahusu jambo moja: injini ya zamani imechoka, msomaji amepata nyingine kubwa zaidi, na anataka kujua kama itaingia. Karibu kila injini huingia mtu akiwa na mashine ya kuchomelea na muda wa kutosha. Kazi ngumu ni kupanga kila kinachoifuata, kuanzia flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini) hadi matairi, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua. Haya ndiyo maswali tuliyochagua.

Lori langu la tani tatu na nusu lina injini ya lita 3.3 isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, nyutoni-mita 220, na inafika mizunguko 3,500 kwa dakika. Gia ya kwanza ina uwiano wa 5.3, ya tano ni 1.00, difu (gia za ekseli ya nyuma) ni 6.14 na matairi ni 7.50R16. Nimepata Cummins 4BT ya lita 3.9 yenye tabo: nyutoni-mita 360 kwenye mizunguko 1,600, gavana (kifaa kinachozuia injini isizidi mwendo wake) inakata kwenye 2,500. Nikiifunga, mwendo utaongezeka?

Hapana, utapungua. Lori litavuta vizuri zaidi, lakini litakwenda polepole kuliko sasa, na wengi hugundua hivyo siku ya kwanza barabarani wakati pesa imeshatoka.

Hesabu ni hii: chukua mwendo kwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 16.67, zidisha kwa uwiano wa gia na uwiano wa difu, kisha gawanya kwa mzingo wa tairi kwa mita. Unapata mizunguko ya injini. Mzingo usiutoe kwenye vitabu. Weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, lori likiwa na mzigo wake wa kawaida, lisukume hadi tairi lizunguke mara kumi, pima urefu, gawanya kwa kumi. Tuchukue mita 2.44, ambayo iko karibu na tairi lako.

Kwa difu ya 6.14 na gia ya tano ya 1.00, kilomita 80 kwa saa zinataka mizunguko 3,355. Injini ya sasa inaiweza, na kikomo chake ni kilomita 83 hivi. 4BT itakatwa na gavana ukiwa kwenye kilomita 60. Usifikirie kufungua gavana. Pistoni na konrodi za injini hiyo ni nzito, springi za valvu zake zimepangwa kwa mwendo wa chini, na ukiisukuma hadi 3,500 unaomba valvu igonge pistoni.

Jibu la haraka la mafundi wengi ni difu ya 4.10. Kilomita 80 zinashuka hadi mizunguko 2,240, safi kabisa. Lakini angalia gia ya kwanza mlimani. Msokoto wa 360 unapatikana tabo ikiwa imeamka. Unapoachia klachi kwenye mizunguko 900 au 1,000, tabo bado haijajaza hewa, na ni busara kuhesabu 250 tu. Zidisha 250 kwa 5.3 na 4.10: unapata nyutoni-mita 5,430 kwenye ekseli. Injini yako ya zamani kwenye msokoto wake wa juu ilikuwa inatoa 7,160. Ukiwa na mzigo kamili kwenye mwinuko mkali utaichoma klachi.

Kwa lori la mizigo sisi tungechagua njia ya katikati: difu ya 5.38 pamoja na giaboksi ambayo gia yake ya tano ni ovadraivu (gia inayozungusha propela haraka kuliko injini) ya 0.73 hivi. Kilomita 80 zinakuwa mizunguko 2,145, na kuondoka mlimani unapata nyutoni-mita 7,130 hata tabo ikiwa imelala, karibu sawa na ulivyozoea. Kama huwezi kupata difu hiyo, bakiza 6.14 na uweke ovadraivu. Utafika kilomita 80 kwenye mizunguko 2,450, ukingoni mwa gavana. Inafanya kazi, ila huna akiba ya mwendo.

Kraunwili na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za difu, hununuliwa kama jozi iliyosagwa pamoja. Ukichanganya za jozi mbili tofauti zitalia kwa wiki chache, kisha meno yatavunjika. Kwenye difu nyingi, uwiano ukibadilika sana hata kasha linaloshika kraunwili hubadilika, kwa hiyo mara nyingi ni nafuu kutafuta kichwa kizima cha difu kuliko gia peke yake.

Jambo la mwisho hapa: propela, shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Gia ya kwanza, injini ya zamani iliipa propela nyutoni-mita 1,166. Hii mpya itaipa 1,908. Krosi ndogo za zamani, yaani viungo vyake vya kupinda, hazitadumu. Panga kununua propela ya lori la daraja la juu, na angalia kama giaboksi yenyewe inaruhusiwa kupokea nyutoni-mita 360 upande wa kuingilia. Namba hiyo hutolewa na mtengenezaji wa giaboksi. Ukiikosa, angalia giaboksi hiyo ilitoka kiwandani ikiwa nyuma ya injini gani.

Injini ina kasha la flaiwili la SAE 3 (ukubwa sanifu wa kasha), giaboksi ni ya aina nyingine. Fundi anasema atatengeneza adapta ya chuma. Nimwambie apime nini?

Kwanza hakikisha kweli ni SAE 3. Tundu la katikati la kasha lina kipenyo cha milimita 409.6, na bolti 12 ziko kwenye duara la milimita 428.6. SAE 2 ni 447.7 na 466.7, SAE 4 ni 362 na 381. Pima kwa venia, kwa jicho SAE 3 na SAE 2 hufanana. Kujua namba hii kunaweza kukuondolea adapta kabisa, kwa sababu giaboksi nyingi za malori ya kati hutengenezwa zikiwa na belhausi (kasha la mbele la giaboksi) ya SAE 3 au SAE 2, na kununua belhausi sahihi daima ni bora kuliko kukata bamba.

Kama adapta haiepukiki, vipimo vya urefu ndivyo vinavyoamua. Pima kutoka uso wa nyuma wa kasha hadi uso wa flaiwili unaoshikwa na klachi. Kwenye giaboksi, pima kutoka uso wa mbele wa belhausi hadi ncha ya shafti ya kuingilia, na hadi pale splaini (meno marefu ya shafti) zinapoanzia na kuishia. Ncha lazima iingie kwenye pailoti beringi (beringi ndogo nyuma ya krankshafti) kwa upana wote wa beringi, na ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kabla ya kugusa mwisho wa tundu la krankshafti. Kila milimita ya unene wa adapta inairudisha shafti nyuma, kwa hiyo adapta ya milimita 20 mara nyingi inataka pailoti ndefu iliyochongwa kwenye leithi.

Pleti ya klachi ina mabwana wawili. Kitovu chake kinafuata giaboksi: idadi ya splaini na kipenyo chake. Ukubwa wake wa nje unafuata flaiwili na presha pleti. Zikiwa za familia mbili tofauti, duka la klachi linaweza kufunga kitovu cha giaboksi yako kwenye pleti ya ukubwa wa injini yako. Dai kitovu chenye springi. Injini ya dizeli ya silinda nne hupiga mara mbili kila mzunguko, na bila springi mapigo hayo yanagonga meno ya giaboksi moja kwa moja. Ukishaipata, iweke juu ya flaiwili kwa mkono uone kama springi au kitovu kinagusa vichwa vya bolti za flaiwili. Kosa hili ni la kawaida, na dalili yake ni klachi isiyoachia hata ukitoa hewa yote kwenye silinda yake. Kwa uwezo wa klachi, lenga mara 1.3 hadi 1.5 ya msokoto wa injini.

Kisha ulinganifu wa kitovu, kazi ambayo wengi huiruka. Funga geji ya dayo yenye sumaku kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu la belhausi, zungusha krankshafti mzunguko mmoja. Tofauti kati ya kusoma kwa juu na kwa chini isizidi milimita 0.13 kama mtengenezaji hakutoa namba yake. Kumbuka geji inasoma mara mbili ya kosa lenyewe: ikionyesha 0.40, kasha limehama kwa 0.20, na ndiyo unayotakiwa kulirudisha. Rudia kwa uso wa nyuma. Ukishapata nafasi, toboa na upige pini za mwongozo, mbili, zikikaa mbali moja na nyingine. Bolti kazi yake ni kubana, hazilengi. Ukiacha bila pini, siku giaboksi itakaposhushwa na kurudishwa ulinganifu umepotea.

Giaboksi iliyo nje ya kitovu haitakuambia mara moja. Itakula pailoti, itatoboa sili ya mbele, itaruka kutoka gia ya juu, na pleti itapasuka kuzunguka kitovu. Mmiliki atabadilisha klachi mara tatu akilaumu ubora wa klachi.

Na unapoiingiza: giaboksi iteleze kwa mkono mpaka nyuso zikutane. Ikisimama na kubaki pengo la milimita 5, toa nje utafute sababu. Ukivuta pengo hilo kwa bolti, unapinda kitovu cha pleti au unasukuma krankshafti mbele hadi inakula thrasti beringi.

Lori ni la volti 24, injini imekuja na vifaa vya volti 12. Naweza kuchukua waya kwenye betri moja?

Usifanye hivyo. Betri moja itatoa zaidi ya mwenzake, alteneta itazijaza zote mbili sawasawa, na matokeo yake moja itachemka na nyingine itabaki na njaa. Badilisha stata, alteneta, solenoidi ya kuzimia injini na hita ya hewa au plagi za moto ziwe za volti 24. Ni vipande vinne tu. Angalia pia idadi ya meno ya stata ilingane na ringi ya flaiwili uliyofunga, hasa kama flaiwili ilitoka kwenye injini nyingine.

Funga waya mnene wa athi kutoka kwenye blogu hadi chesisi, tena wenye unene sawa na waya wa stata. Injini imekaa kwenye mpira. Athi ikikosekana, umeme wa stata unapita kwenye kebo ya akseleta, bomba la dizeli na beringi za giaboksi.

Nimebadili giaboksi, nayo ni ndefu kuliko ya zamani. Propela ilikatwa na kusawazishwa, lakini kuanzia kilomita 60 lori linatetemeka na kunguruma. Wamesawazisha tena, hakuna nafuu.

Tatizo linaelekea liko kwenye pembe, siyo usawazisho. Krosi inapopinda hairuhusu mzunguko ulio sawa: kwa kila mzunguko mmoja, propela huharakishwa mara mbili na kucheleweshwa mara mbili. Krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza kwa masharti mawili: pembe zao zilingane, na uma (vishikio vya krosi) za ncha mbili za propela ziwe kwenye mstari mmoja.

Anza na la pili kwa kuwa ni bure. Propela ya kuteleza ikivuliwa na kurudishwa splaini moja pembeni, uma hazilingani tena. Weka lori mahali tambarare, angalia uma zote mbili. Kama kuna alama za mshale za zamani, zitazame kwa makini, ingawa propela iliyokatwa inaweza kuwa imechomelewa vibaya tangu mwanzo.

Kisha chukua kipima pembe chenye sumaku. Pima mteremko wa giaboksi kwenye uso wake uliochongwa, wa propela, na wa pinioni, lori likiwa limesimama kwa matairi yake na mzigo wa kawaida. Toa moja kwa nyingine. Tuseme giaboksi imeinama kwa nyuma nyuzi 3, propela nyuzi 5, pinioni nyuzi 3 sambamba na giaboksi: kila krosi ina nyuzi 2, na hapo pametulia. Lenga kila krosi iwe kati ya nusu na nyuzi 3, na tofauti kati yao isizidi 1. Sifuri kamili nayo ni mbaya, maana rola za sindano zisipocheza huchimba alama kwenye krosi. Kurekebisha, inua au shusha maunti ya nyuma ya giaboksi, au weka kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Kabari za alumini huchakaa chini ya lori la mizigo, zikwepe.

Kama umeongeza ovadraivu, propela sasa inakimbia kuliko injini: mizunguko 2,500 ya injini kwa 0.73 ni 3,425 ya propela. Kipande kimoja kinachozidi mita moja na nusu hivi kinaanza kujipinda kama kamba kwa mwendo huo. Gawanya viwili kwa senta beringi. Acha pia kwenye splaini ya kuteleza nafasi ya milimita 25 hadi 40 ya kuingia, kwani ekseli ikipanda juu propela hutaka kufupika, na ikikosa nafasi inapiga giaboksi kutoka nyuma.

Tangu tubadilishe injini, pedali ya breki ni ngumu kama ukuta. Silinda kuu ni mpya.

Simamisha lori hilo kabla ya kusoma zaidi. Dizeli haina vakyumu kwenye manifoldi kama ilivyo injini ya petroli. Injini nyingi za zamani zilikuwa na pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, na ilipoondolewa alteneta busta (kifaa cha vakyumu kinachosaidia mguu kwenye breki) ikabaki bila chakula. Tafuta alteneta ya injini mpya yenye pampu, au pampu ya kuendeshwa na gia au mkanda. Ile ya alteneta inahitaji bomba la mafuta ya injini kuingia na bomba pana la kurudi sampu (karai la mafuta chini ya injini) kwa mteremko. Bomba la kurudi likiwa jembamba, mafuta yanajaa na kuvuja kwenye koili za alteneta. Weka valvu ya njia moja kati ya pampu na busta. Zima injini, kanyaga: lazima upate angalau mikanyago miwili yenye msaada.

Angalia vivyo hivyo pampu ya usukani na, kwa breki za upepo, kompresa. Halafu pima lori kwenye mzani, ekseli ya mbele peke yake. Injini nzito huihamishia ekseli hiyo mzigo, na kikomo cha ekseli hakipandi kwa sababu injini imepanda.

Nitajuaje injini itakaa kabla ya kuchomelea chochote?

Tumia blogu tupu na giaboksi tupu, ukiwa umefunga sampu, manifoldi na tabo, maana hivyo ndivyo vinavyogonga. Ondoa springi za mbele au zikandamize, inua ekseli mpaka iguse raba za kikomo, kisha angalia kati ya ekseli na sampu. Bakiza milimita 40 au zaidi. Injini ya pikiapu au jenereta inaweza kuwa na kina cha sampu mbele wakati lori lako linakitaka nyuma. Sampu hubadilishwa pamoja na bomba la kunyonyea mafuta, kamwe isiwe sampu peke yake.

Feni ikae milimita 20 hadi 25 kutoka kwenye rejeta, ndani ya kava lake, nusu au theluthi mbili ya upana wa makali ikiwa imeingia. Feni iliyo nje ya kava inazungusha hewa ileile, na injini itachemka mlimani hata ukiweka rejeta mpya. Tanki la juu la rejeta liwe juu kuliko kichwa cha injini. Kama haliwezekani, weka tanki la kujazia juu zaidi na bomba dogo la kutolea hewa.

Maunti za 4BT ziwe laini. Injini hiyo haina shafti za kusawazisha, na kwenye mpira mgumu itapasua mabano ya rejeta na kufungua bolti za kebini. Kwenye chesisi toboa ubavu, usiguse midomo ya juu na chini, na usichomelee kukatisha mdomo. Tumia bolti za daraja la 8.8 au 10.9.

Na kwa kuwa injini bado iko chini: kwenye 4BT na 6BT za zamani kuna pini ya kulenga ndani ya kasha la gia za taimingi ambayo inaweza kulegea na kudondokea kwenye gia. Fungua kava la mbele, irudishe pini, izuie kwa kibamba kidogo chini ya bolti ya jirani. Ni kazi ya saa chache sasa. Injini ikishaingia ni kazi ya siku nzima, na pini ikishadondoka huenda hutakuwa na injini.

Siku ya kwanza ya kuwasha tufanye nini?

Jaza mafuta, mimina kidogo kwenye tundu la tabo, toa hewa kwenye filta na pampu. Bomba la dizeli inayorudi liende tankini, lisibanwe. Ukiwa umezuia dizeli, zungusha kwa stata sekunde 10 hadi 15 na kupumzika dakika moja, mpaka geji ya mafuta ionyeshe presha. Ndipo uwashe.

Mtu mmoja asimame kando ya bomba la hewa akiwa na ubao bapa. Dizeli yenye pampu iliyokwama au tabo inayovuja mafuta inaweza kukimbia peke yake, na swichi haitaizima. Kuziba hewa ndiyo njia ya uhakika. Ubao, siyo mkono wala kitambaa.

Kaza upya bolti za maunti, uma za propela na belhausi baada ya kilomita 500.

Niliweka difu ya 4.10 badala ya 6.14. Spidomita inasema 53 lakini malori yote nayapita. Imeharibika?

Ni nzima. Inaendeshwa na giaboksi, na giaboksi sasa inazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Inasoma asilimia 67 ya mwendo wako: ikisema 53, unakwenda 80, na kilomita za kubadilisha oili nazo zinahesabiwa pungufu. Kipinioni cha plastiki kwenye giaboksi hakiwezi kupungua meno kiasi hicho na bado kikashikana na mwenzake. Nunua kisanduku cha gia kinachofungwa kwenye kebo ya spidomita, cha kuongeza mara 1.5. Mpaka kifike, bandika namba sahihi kwenye kioo: 40 ni 60, 53 ni 80.